Njuga za babu

Babu yangu mzaa mama alikaa zaidi ya miaka 30 bila kucheza ngoma. Sio kwamba aliumwa miguu, alikuwa amebatizwa.

Naanza na hilo maana watu wakiniona Jumapili natangulia na watoto kwenye maandamano ya Biblia wanadhani mi nimezaliwa tu nikakuta kanisani watu wanacheza na hakuna aliyewahi kuumia kwa ajili hiyo. Hapana jamani. Kwenye ukoo wetu hili jambo lina historia, na mwenye hiyo historia ni yeye.

Kwetu Usukumani ngoma tunaita mbina, na mbina sio kitu cha kupotezea muda. Watu wakishavuna, kuanzia mwezi wa sita hivi kwenda mbele, vijiji vinaanza kushindana. Kuna pande mbili kubwa, Bagika na Bagalu, na kwa wazee wetu ukishakuwa huku umekuwa huku, mpaka watoto wako watakuwa huku. Vikundi viwili vinapangwa uwanja mmoja vinacheza kwa wakati mmoja, kila kimoja kina manju wake anayetunga na kuongoza nyimbo, na anayeamua ni watazamaji kwa miguu yao wenyewe, wakikusogelea wewe umeshinda, wakikuacha wakaenda upande wa pili basi umeshindwa na kila mtu ameona. Babu alikuwa wa Bagalu, mchezaji wa bugobogobo, ile ngoma ya majembe iliyotokana na watu kulima pamoja shambani, mnainua jembe kwa pamoja mnashusha kwa pamoja na ngoma inawapa nguvu. Wazee waliomwona wanasema alikuwa analirusha jembe linazunguka hewani analidaka bila hata kuliangalia. Na kwa kuwa kushinda ni kuvuta watu, vikundi vilikuwa na dawa zake za kuvuta watu, na babu hakutuficha hata siku moja, alikuwa anatuambia wazi kwamba na yeye alichanjwa, na kuna vitu alikuwa anavaa kiunoni ambavyo hata bibi hakuruhusiwa kuvigusa.

Alipobatizwa, miaka ya 1950 huko, kwenye kanisa alilobatizwa waliambiwa walete kila kitu cha ngoma kikachomwe. Akapeleka ngozi, akapeleka mpini wa lile jembe, akapeleka vile vya kiunoni. Vyote vikaungua. Kasoro njuga. Njuga zake za miguuni alizifunga kwenye kitambaa akazificha ndani ya kihenge chini ya mtama, na alisema hakuzificha kwa ukaidi, ni kwamba alipozishika kuzipeleka zililia kidogo mkononi, akashindwa.

Halafu akakaa kimya miaka yote hiyo. Kanisani walisimama wima mikono chini, wanaimba nyimbo ambazo tuni zake zimetoka mbali, na alikuwa anaimba vizuri tu, ila aliniambia maneno ambayo sijayasahau, kwamba alijisikia kama mtu anayesomewa barua ya mtu mwingine. Barua nzuri, ya upendo kabisa, lakini sio yake.

Mi simlaumu yule mhubiri aliyesema vichomwe. Babu mwenyewe alisema kwa wakati ule hata yeye asingeweza kutenganisha mbina na dawa, vilikuwa vimeshikana kama ndimi mbili za moto mmoja. Alihitaji muda, na alihitaji kuona.

Alikuja kuona Bujora. Kwa ambao hamjafika, Bujora iko Kisesa, unatoka Mwanza mjini unashika barabara ya Musoma, sio mbali. Pale ndio kuna makumbusho ya Wasukuma, na kuna kanisa ambalo limejengwa Kisukuma kabisa. Aliyeanzisha mambo yale ni padri mmoja Mkanada wa Wamisionari wa Afrika, David Clement, Wasukuma wenyewe wakampa jina la Fumbuka, na huyu padri badala ya kuwaambia watu walete ngoma zichomwe yeye aliwaambia wazilete zitunzwe. Mpaka leo kuna ngoma za watemi pale. Na kila mwaka kwenye sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo kunakuwa na Bulabo. Bulabo ni maua, kwa sababu ya yale maua yanayomwagwa njiani Ekaristi inapopita, na baada ya ibada ndio mbina zenyewe zinaanza, Bagika na Bagalu, bugobogobo, mpaka wacheza na nyoka wanakuja.

Bibi alikuwa Mkatoliki na babu alikuwa bado kwenye lile kanisa lake alilobatizwa. Mwaka mmoja mwishoni mwa miaka ya 80 bibi akamwomba amsindikize Bulabo maana goti lilikuwa linamsumbua. Babu anasema alisimama pembeni, akaona maandamano yanakuja, kina mama wanamwaga maua, na mbele kuna watu wanacheza, wazee wa umri wake, miguu ileile anayoijua yeye, wanarudi nyumanyuma uso wameuelekeza kwa padri aliyebeba Ekaristi. Akamgeukia katekista mmoja aliyekuwa karibu akamuuliza kwa Kisukuma, hawa wanamchezea nani?

Yule katekista akamjibu, "Anayepita."

Basi. Neno moja. Babu alirudi nyumbani hakula, akaenda kwenye kihenge, akachimba.

Mimi nilipopata akili nilimkuta tayari ni mzee wa kigango chetu kule Magu na njuga zake zimebarikiwa na maji ya baraka, zimeng'arishwa, Krismasi na Pasaka anazifunga. Nataka nieleze matoleo ya kigango ile maana watoto wa mjini hawajui. Hakuna bahasha pale. Wimbo unaanza, ngoma inaingia, halafu watu wanatoka mmoja mmoja na walichonacho, huyu ndoo ya mpunga kichwani, huyu kuku kwapani, huyu michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, kwenye ungo, mayai, mkungu wa ndizi, mbuzi anavutwa hataki, na hakuna anayetembea, wote wanacheza, mama ana ndoo kichwani hajaishika na kiuno kinafuata ngoma na hamwagi hata punje. Vigelegele mpaka bati linatetemeka. Na babu mbele kabisa, hajabeba kitu, anacheza kinyumenyume akiwatazama, anawaita waje. Nilikuwa na miaka sita, saba, na nilijua kabisa, bila kufundishwa katekisimu yoyote, kwamba Mungu ni mtu anayepelekewa vitu kwa furaha.

Nikawa mchezaji. Tulipohamia mjini niliingia Utoto Mtakatifu, wale watoto wanaocheza kwenye maandamano, nikawa nakaa mstari wa mbele kwa sababu nashika stepu haraka.

Nikaacha nikiwa na miaka 13. Kuna mtu mzima mmoja pale parokiani baada ya Misa alinisimamisha mbele ya wenzangu akasema umeshakuwa mwanamke sasa, acha kutingishia watu mwili kanisani, unawapotezea sala. Hakusema kwa sauti kubwa. Ila nilijiangalia, kwa mara ya kwanza nikajiona kuna kitu ninacho ambacho ni kibaya, na nilikaa miaka mingi sana nikiimba kwaya nimejishika mkono mmoja na mwingine, kama babu tu, nikawa na barua ya mtu mwingine. Nalisema hili kwa sababu sa hivi nafundisha mabinti wa umri huohuo, na najua neno moja la mtu mzima linafunga mlango ambao Mungu atakuja kuufungua kwa shida. Kama gauni ni fupi, mwite mama yake pembeni mzungumze juu ya gauni. Usiuguse mwili wa mtoto kwa maneno.

Chuo nilisoma Dar, na mwenzangu wa chumbani alikuwa mlokole akawa ananivuta Jumapili jioni twende kwao. Kule nilikuta kitu tofauti, yani hakuna kikundi cha wachezaji, likianza sebene la kusifu wanacheza wote, bosi, mama lishe, mzee wa miaka 70, mchungaji mwenyewe koti limelowa. Nilisimama kama mti wiki mbili. Wiki ya tatu mguu ulianza wenyewe chini ya kiti. Nawashukuru sana wale watu maana walinifundisha kwamba kucheza mbele za Bwana sio kazi ya watoto wenye sare peke yao. Ila niliona na kitu kingine kilichoniuma, kwamba kule ukikaa, wanaanza kukuombea. Kuna dada alikuwa amefiwa na mume, alikaa, wakamzunguka wanakemea roho ya huzuni, na yeye alikuwa amefiwa tu. Furaha ya kulazimishwa inamwacha mtu mpweke kuliko kimya.

Nimerudi Mwanza kikazi, nikaolewa, na kwenye parokia yetu nikaombwa nisaidie watoto wa maandamano, mwalimu wao alikuwa amehama. Watoto 24. Na nakiri hapa mwanzo wangu ulikuwa mbaya ingawa ulipendwa sana. Nilitaka wapendeze. Nikawashonea sare mpya zinazometameta, nikachukua stepu kwenye video za simu, stepu kali za kisasa, tukafanya mazoezi mwezi mzima kila Jumamosi baada ya katekisimu, na sikukuu ya somo wa parokia ilipofika watoto wakacheza mpaka watu wakasimama kwenye mabenchi wanarekodi, makofi kama uwanja wa mpira, na mi moyo umejaa.

Baada ya Misa paroko akatuita, anacheka, akatushukuru kweli, akawapa soda. Halafu akawauliza watoto, leo Biblia alibeba nani?

Kimya. Hakuna aliyejua. Watoto 24 walikuwa wamecheza mbele ya Biblia kanisa zima na hakuna hata mmoja aliyegeuka nyuma kuiona. Akanigeukia mi, hakuuliza kitu, lakini mi pia sikujua.

Usiku ule nilikumbuka lile swali la babu. Hawa wanamchezea nani? Ndio nikaelewa tofauti ambayo babu aliitafuta miaka 30. Uwanjani kule kwenye mbina za mashindano unacheza ili watu wakutazame wewe, wamwache mwenzio waje kwako, na dawa zote ni kwa ajili ya hilo. Kanisani mguu ni uleule, ngoma ileile, jasho lilelile, ila unacheza ili watu wamtazame anayekuja nyuma yako. Wewe ni wa kumsindikiza. Kama umecheza vizuri halafu watu wakakuona wewe tu basi umewazibia njia, na hicho ndicho nilichowafundisha watoto wa watu mwezi mzima.

Nikaanza kusoma upya habari za Daudi, ile ya 2 Samweli 6, tunaisoma sana kutetea kucheza, alicheza mbele za Bwana kwa nguvu zake zote, lakini tunairuka sababu. Sanduku la Bwana lilikuwa linapita! Linapelekwa mjini kwa Daudi, wanapiga hatua sita anachinja ng'ombe na kinono. Na mwisho wake ni chakula, Daudi anawagawia watu wote, wanaume kwa wanawake, kila mtu mkate wake na kipande cha nyama. Yani ile ngoma ilianza na Mungu anayepita ikaishia kwa jirani anayekula. Hapo katikati ndio Daudi anaruka, na sidhani kama alikuwa na muda wa kujua anaonekanaje.

Sasa mazoezi yetu nikayabadilisha. Wiki za kwanza hawachezi kabisa, wanajifunza kutembea. Mmoja anabeba Biblia, wengine wanatangulia, na kila wakifika kwenye benchi fulani wote wanageuka kuiangalia halafu wanaendelea. Stepu zenyewe nikarudi kwenye za nyumbani, mbili mbele moja nyuma, bega linafuata ngoma, kwa sababu ile moja ya nyuma ndiyo inayokurudisha kwa unayemsindikiza. Mpiga ngoma tukakubaliana asikimbize, maana ngoma ikikimbia watoto wanaanza kushindana. Na kabla hatujatoka sakristia namuuliza kila mtoto leo anapita nani na amebebwa na nani, asiyejua anabaki mpaka ajue. Pia Kwaresima hatuchezi, njuga na manyanga vinafungwa kabatini, na watoto wanalalamika kila mwaka, nawaambia hata kusubiri ni sehemu ya kucheza.

Sio wote waliofurahi. Kuna mzee wetu mmoja mcha Mungu kweli, ukimwona tu unasema shikamoo hata kabla hajafika, aliniita akaniambia, "Mwanangu, Misa ni sadaka, pale Kalvari kuna aliyecheza?" Swali zito, na sikutaka kulijibu kijuujuu. Nilimwendea jirani yangu, mama mmoja Mkongo wa Bukavu, maana nilijua kwao wana Misa yao. Akanieleza kwamba kwao Utukufu ukiimbwa padri na watumishi wanaizunguka altare wakicheza, na toba wanaifanya baada ya mahubiri, ukishalisikia Neno ndio unajua umekosea wapi. Na sio kitu walichojiamulia, Roma iliikubali rasmi mwaka 1988. Papa Fransisko ameiongoza mwenyewe Misa ya namna hiyo ndani ya Basilika la Mt. Petro, Desemba 1, 2019, halafu mwaka 2023 akaenda kwao Kinshasa, pale uwanja wa ndege wa Ndolo, watu zaidi ya milioni moja. Yule mama alikuwa analia akinisimulia, akasema dada, sisi vita imetuchukua kila kitu, hawakuweza kutuchukua kucheza.

Nikarudi kwa mzee nikamwambia yale, na nikamwambia kwamba Kalvari hakuna aliyecheza, ni kweli baba, lakini siku ya tatu kaburi lilikuwa wazi na Misa ni ya vyote viwili. Hakunijibu. Bado hapendi sana. Ila hatoki nje tena tukianza, anainamisha kichwa, na mi nimejifunza kwamba kule kuinamisha kichwa kwake ni kucheza kwake.

Aliyekuwa anatoka nje ni mama mwingine. Kila Jumapili ngoma ikiingia ananyanyuka, anarudi tukimaliza. Nilimchukia, acha niseme ukweli, nilikuwa namwita moyoni Mikali, yule mke wa Daudi aliyechungulia dirishani akamdharau. Mpaka siku moja tulikuwa tunafagia kanisa pamoja zamu ya jumuiya yetu, akaniambia mwenyewe bila kuulizwa kwamba mume wake alikuwa manju. Aliondoka msimu mmoja na kikundi chake baada ya mavuno, akamwacha na watoto wanne, hajarudi. Kila akisikia ngoma inaanza, anasikia mlango unafungwa. Nilikaa chini na ufagio wangu. Nikaenda kumsoma tena Mikali, na kumbe sura ya tatu ya kitabu hichohicho inaeleza alivyoondolewa kwa nguvu kwa mume wake Paltieli, na yule mume akamfuata njiani akilia mpaka Bahurimu. Nani alimfuta yule mwanamke machozi kabla ya kumtaka acheze? Siku hizi yule mama akitoka namtuma binti mmoja mkubwa akae naye nje tu, asimwambie kitu.

Mama yangu mzazi alifariki Kwaresima, wiki mbili kabla ya Pasaka. Tulimzika Magu pembeni ya babu na bibi. Nilirudi Mwanza Alhamisi Kuu nikiwa sina kitu ndani, na mwalimu wa kwaya akaniambia dada wewe kaa, watoto wataongozwa na wakubwa wao. Mkesha wa Pasaka nikakaa benchi la nyuma kabisa. Giza, moto ukawashwa nje, mshumaa ukaingia, masomo yale marefu, mi nipo tu. Kengele zilikuwa zimenyamaza tangu Alhamisi. Padri akaanzisha Utukufu, taa zote zikawaka, kengele zikalia, ngoma ikaingia, watoto wakatokea mlangoni wanakuja na ngoma inakimbia. Furaha ilimzidi mpiga ngoma, alikuwa mbio kweli, na watoto wakapotea stepu, mstari ukavunjika palepale usawa wa benchi langu, na yule wa mbele akasimama akawa ananitafuta kwa macho.

Nikatoka. Sikutoka kwa furaha, naapa, sikuwa na furaha hata ya kuweka kwenye kijiko. Nilitoka kwa sababu mtoto amepotea stepu. Nikaanza mbili mbele moja nyuma, namwangalia mpiga ngoma mpaka akapunguza, watoto wakaingia nyuma yangu, tukaenda. Kufika katikati ya kanisa machozi yakaanza na miguu haikusimama. Nililia njia nzima mpaka altareni, nacheza nalia, nalia nacheza, na kwa mara ya kwanza tangu msiba niliweza kupumua mpaka chini. Zaburi ya 30 inasema uligeuza matanga yangu kuwa machezo. Mi zamani nilidhani maana yake matanga yanaisha kwanza halafu machezo yanaanza. Kumbe vinaweza kukaa kwenye mwili mmoja usiku mmoja, kwa sababu nilikuwa sichezi hali yangu, nilikuwa namsindikiza aliyefufuka, na yeye alikuwa anapita pale hata kama mama yangu alikuwa kaburini. Hasa kwa kuwa mama yangu alikuwa kaburini.

Njuga za babu ziliachwa kwa mama, na baada ya msiba wajomba wakanipa mimi. Nilizitundika ukutani, nikasema hizi hazivaliwi tena.

Mwaka huo kwenye kundi la watoto kulikuwa na mvulana wa miaka tisa anayetembea kwa gongo, mguu mmoja haukukua sawa na mwenzake. Alikuwa anakuja kila Jumamosi, anakaa kwenye ngazi anaangalia. Mi nilikuwa nimempa manyanga, akae na wapiga ngoma, nikaona nimemtendea wema. Siku moja akaniuliza, "Anti, kwani tukimpeleka Yesu tunawahi wapi?" Nikamwambia hatuwahi popote. Akasema, "Basi mbona mi siwezi kwenda nao?"

Sikuwa na jibu. Wiki iliyofuata nilishusha njuga ukutani, tukazifunga kwenye gongo lake, mbili juu mbili chini, tukamweka mbele peke yake. Gongo, mguu, mguu, halafu anasimama kidogo kuvuta pumzi. Wenzake walianza kumpita nikawazuia, nikawaambia sikilizeni gongo, msisikilize ngoma. Mpiga ngoma naye akafunga mdomo akamsikiliza, akaanza kupiga chinichini nyuma yake, na ikatokea stepu mpya ambayo hakuna aliyeitunga, gongo, mbili, unasubiri. Pale pa kusubiri watoto wote wanageuka kuiangalia Biblia.

Tumeicheza Jumapili ya Pentekoste. Tulichelewa kufika altareni karibu mara mbili ya kawaida na hakuna aliyekohoa. Yule mama wa manju alikuwa amesimama mlangoni, ndani ya mlango, mkono kwenye fremu. Na ile njuga ya juu ina ufa mdogo, inalia tofauti na zingine, babu alisema ilipasuka siku ileile ya kuificha kwenye mtama, na kila gongo liliposhuka niliisikia.